Skonzi za Zabibu Hazitaki Kukandwa

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wanaooka nyumbani ni kwa nini skonzi zao hutoka bapa na ngumu ilhali vipimo vyote wamevifuata. Wengi huwa wameshailaumu baking poda na kununua nyingine. Mimi huuliza jambo moja tu: donge ulilikanda kwa muda gani? Nikijibiwa "mpaka likawa laini", basi ugonjwa tumeshaupata.

Skonzi ninazozieleza hapa hazina hamira. Zinaumuliwa na baking poda, zina zabibu kavu ndani, na huliwa zikiwa vuguvugu kwa chai. Mkate unataka kukandwa kwa sababu protini za ngano zikikutana na maji, kisha zikavutwavutwa, hujenga gluteni, ule utando unaonyumbuka na kuishikilia gesi ya hamira kwa muda mrefu. Skonzi haina muda huo. Baking poda ni mchanganyiko mkavu wa magadi na asidi. Ukilowana unaanza kutoa kaboni dioksidi pale pale, na nyingi za siku hizi hubakiza sehemu kubwa ya gesi hadi zipate joto la oveni. Gesi hiyo ina dakika chache tu za kulisukuma donge juu, na ikikuta gluteni iliyokazwa kwa kukandwa, inashindwa. Ndiyo maana nasema baking poda husingiziwa. Alfred Bird, mkemia wa Birmingham aliyeibuni mwaka 1843, alikuwa akimtafutia mkewe mkate usio na hamira kwa kuwa hamira ilimdhuru, na tangu hapo imefanya kazi yake vizuri kila inapopewa nafasi.

Vipimo ninavyovitumia kwa skonzi 12 hivi ni gramu 450 za unga wa ngano wa kawaida, vijiko 5 vya chai vya baking poda vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, gramu 90 za siagi, gramu 60 za sukari, gramu 120 za zabibu kavu, yai 1, na maziwa mililita 200 au zaidi kidogo. Kama unga wako umeshatiwa baking poda kiwandani, ongeza vijiko 2 tu. Unga maalumu wa mikate uache kwa ajili ya mikate, maana una protini nyingi mno kwa kazi hii.

Anza na zabibu, kabla hata ya kupima unga. Zabibu kavu ikiingia kwenye donge hivyo hivyo ilivyo hunyonya maji ya donge, kwa hiyo skonzi inakauka kuizunguka, na yenyewe inabaki ngumu kutafuna. Ziloweke kwenye chai ya rangi ya moto kwa dakika 20 au 30, zichuje, kisha zikaushe kwa kitambaa safi mpaka zisiache maji mkononi. Chai huziongezea harufu ambayo maji matupu hayana. Tende na aprikoti kavu pia zinafaa, ila zikate vipande vidogo vinavyokaribiana na zabibu kwa ukubwa. Wengine huzivingirisha zabibu kwenye unga ili zisizame chini. Hiyo ni hila ya keki. Donge la skonzi ni zito na zabibu haziwezi kuzama, kwa hiyo usijisumbue. Matunda mabichi ni habari nyingine, kwa sababu hutoa maji yakipata joto. Ukiyatumia, punguza maziwa na uyatie mwisho kabisa.

Siagi iwe baridi, imetoka kwenye friji, imekatwa vipande vidogo. Chekecha unga, baking poda na chumvi pamoja, tia siagi, halafu isugue kwenye unga kwa ncha za vidole ukiinua mikono juu ya bakuli. Viganja vina joto, viepushe. Unatafuta chengachenga, na zikibaki chembe chache za siagi zenye ukubwa wa punje ya dengu, ziache. Ndani ya oveni zitayeyuka, maji yaliyo ndani yake yatageuka mvuke na kuacha vipenyo vinavyoifanya skonzi ichambuke. Sasa tia sukari na zabibu.

Hapa ndipo skonzi inapofaulu au kuharibika. Piga yai ndani ya maziwa, weka kando vijiko 2 vya kupaka juu, kisha fanya shimo katikati ya unga na umimine karibu yote kwa mara moja. Tumia kisu butu cha mezani, si mkono wala mwiko, na ukate mchanganyiko huku ukiligeuza bakuli. Mwanzoni utaona mabonge yenye maji na unga mkavu pembeni. Endelea kukata. Ghafla mabonge yataanza kushikana, na chini ya bakuli utabaki unga kidogo tu. Acha hapo hapo. Donge linapaswa kuonekana la ovyo, lenye mabaka, na linate kidogo kwenye vidole. Likiwa kavu kiasi cha kutonata kabisa, ongeza maziwa kijiko kimoja, kwani donge kavu hutoa skonzi zinazopasuka ovyo na kukauka kabla chai haijapoa. Napendelea kuhangaika na donge linalonata kuliko kula skonzi kavu.

Limwage kwenye meza iliyonyunyiziwa unga, lipapase liwe bapa, likunje mara mbili au tatu, basi. Usilisukume jembamba. Unene uwe sentimita 3, na watu wengi hukosea hapa kwa kudhani skonzi ya sentimita 1 itapanda mara tatu. Chovya kikatio cha sentimita 6 kwenye unga, kibonyeze moja kwa moja hadi chini, kiinue bila kukizungusha. Ukikizungusha, unaziba kingo na skonzi inapanda upande. Zabibu zilizochungulia juu zichomoe na uzisukumizie ndani, maana zikikaa juu huungua na kuwa chungu.

Zipange kwenye trei zikaribiane, zikiachana upana wa kidole, ili zikifura zishikane kidogo na kuelekezana juu. Zikae kwenye friji dakika 15 wakati oveni inashika moto wa nyuzi 220 za Selsiasi. Paka yai juu tu. Likichuruzika ubavuni linaganda na kuzuia upande huo usipande. Zioke dakika 12 hadi 15. Usiiamini rangi ya juu peke yake, kwa sababu yai linawahi kupata rangi. Inua moja utazame chini: kitako kiwe cha kahawia, na ule mpasuko unaozunguka kiuno cha skonzi uonekane mkavu, usiwe unang'aa kwa ubichi. Mpasuko huo mimi huutafuta kwa hamu kila nifunguapo oveni, kwa kuwa ni dalili kwamba gesi na mvuke vimepata njia.

Mtindi unaweza kuchukua nafasi ya maziwa, na ladha yake naipenda sana. Kwa kuwa una asidi yake, punguza baking poda ibaki vijiko 3, kisha weka nusu kijiko cha chai cha magadi ya kuokea.

Zikitoka, zipoze juu ya waya na uzifunike kwa kitambaa kama unapenda ngozi laini. Zipasue kwa mikono kwenye ule mpasuko. Kisu huigandamiza nyama yake. Uingereza, watu wa Devon hutanguliza krimu na wa Cornwall hutanguliza jemu. Mimi nikiwa na skonzi ya zabibu natosheka na siagi peke yake, kwani tunda tayari limo ndani, na jemu hulifunika.

Zile zisizoliwa siku hiyo hiyo huchakaa haraka. Kwa hiyo usioke zote. Nusu zigandishe zikiwa mbichi, zikiwa zimeshakatwa, zikipangwa kwenye trei mpaka ziwe ngumu kabla ya kuzitia mfukoni. Siku ya wageni zitoe moja kwa moja hadi kwenye oveni bila kuziyeyusha, na uongeze dakika 3 hadi 5.