Titian: umbo linapozaliwa na rangi

Ninapofundisha matumizi ya rangi, mchoraji ninayemrudia kuliko wote ni Tiziano Vecellio wa Venice, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Titian. Huko Florence, mchoraji alitakiwa kwanza akamilishe umbo kwa mistari, kisha alivike rangi. Titian alilijenga umbo kwa rangi yenyewe. Picha za eksirei zimeonyesha namna alivyobadili nia akiwa katikati ya kazi, akifunika alichokwisha kupaka na kuanza upya papo hapo kwenye turubai.

Itazame kazi yake ya Bacchus, mungu wa divai wa Warumi, na Ariadne, binti mfalme katika hekaya za Wagiriki, aliyoichora kati ya 1520 na 1523 kwa ajili ya Alfonso d'Este, mtawala wa Ferrara. Leo iko National Gallery, London. Juu kushoto kumetawaliwa na buluu ya anga na bahari. Chini kulia ni kahawia na kijani cha miti, wanyama na miili ya watu. Ariadne amesimama upande wa buluu, na vazi lake nalo ni la buluu. Kwa hesabu ya kawaida angemezwa na bahari iliyo nyuma yake. Titian akamzungushia mtandio mwekundu mkali, rangi iliyotengenezwa kwa zebaki na salfa, na kwa ukanda huo mwembamba Ariadne akatoka mbele. Bacchus naye anaruka kutoka garini, joho lake la waridi likipepea mbele ya anga. Macho yako yanakwenda kwake moja kwa moja bila kuelekezwa na mstari wowote.

Buluu ile ilisagwa kutoka jiwe la lapis lazuli lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan, na bei yake ilishindana na dhahabu. Hapa mji wenyewe ulimsaidia. Venice ilikuwa bandari kubwa, na ilikuwa na wafanyabiashara waliouza rangi peke yake, wakati katika miji mingine mchoraji alinunua rangi kwa muuza dawa. Ndiyo maana katika picha hiyohiyo tunakuta hata rangi ya chungwa itokanayo na madini ya arseniki, ambayo nje ya Venice haikutumiwa sana. Ni sumu, tena mwanga huichakaza.

Lakini rangi ghali peke yake haifanyi kazi ya Titian. Siri kubwa zaidi iko kwenye tabaka. Nyekundu yake nzito, ile inayokaribia damu ya mzee, ilitokana na wadudu, nayo hupitisha mwanga. Aliipaka nyembamba, tabaka juu ya tabaka, juu ya rangi nyepesi iliyochanganywa na nyeupe ya risasi. Mwanga unapenya, unagonga weupe wa chini, kisha unarudi machoni ukiwa umepita kwenye wekundu mara mbili. Ni kama mtandio mwepesi wa hariri uliovaliwa juu ya gauni jeupe. Rangi iliyokorogwa kwa kiini cha yai hukauka upesi mno kwa kazi ya namna hii. Mafuta humpa mchoraji muda.

Katika kanisa la Frari, Venice, picha yake ya Bikira Maria akipalizwa mbinguni, iliyozinduliwa mwaka 1518, ina urefu wa karibu mita 7 na imezungukwa na madirisha. Nyekundu za mitume walio chini zinapandisha macho hadi kwenye gauni jekundu la Maria, na picha nzima inasomeka ukiwa mbali sana na altare.

Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii wa enzi hiyo, anasimulia kwamba Michelangelo, mchongaji na mchoraji wa Florence, alipoiona huko Roma picha ya Titian ya Danae, binti mfalme wa hekaya za Wagiriki, alisifu rangi zake lakini akasikitika kwamba Venice hawakujifunza kwanza kuchora vizuri. Sikubaliani naye. Angalia kazi za uzeeni, kama ile ya kuchunwa ngozi kwa Marsyas, kiumbe wa hekaya za Wagiriki aliyeadhibiwa na mungu Apollo, iliyoko Kroměříž, nchini Ucheki. Buluu kali imepungua. Kumebaki kahawia, dhahabu iliyofifia na nyekundu za hapa na pale, na kingo za miili zimeyeyuka. Palma Giovane, mchoraji wa Venice, alieleza kwamba Titian mzee alizigeuza picha ukutani kwa miezi, akazirudia kwa jicho kali kama la adui, na mwishoni alipaka kwa vidole kuliko kwa brashi. Mistari haipo tena, lakini mwili wa Marsyas una uzito, una joto, na unauma kuutazama.