Wahamiaji wa Kilatino hawachorwi mpakani tu

Taja michoro inayowaonyesha wahamiaji wa Kilatino (waliotoka Mexico na nchi za Amerika ya Kati na Kusini) nchini Marekani, na wengi watawaza seng'enge, jangwa na mama aliyebeba mtoto huku analia. Kana kwamba habari za mhamiaji zinaishia pale anapovuka mpaka. Kazi za mchoraji Jay Lynn Gomez zinaonyesha mengine kabisa.

Gomez, aliyejulikana zamani kama Ramiro, alizaliwa California mwaka 1986 na wazazi kutoka Mexico. Alipokuwa yaya kwenye nyumba ya matajiri Los Angeles, alianza kuchana kurasa za majarida ya nyumba za kifahari na kuwachora humo wale wasiopigwa picha: dada wa kazi anayefuta meza, mtunza bustani mwenye reki.

Mmoja wa michoro yake inayojulikana zaidi ni "No Splash" wa 2013. Mwaka 1967 mchoraji maarufu David Hockney alichora bwawa la kuogelea, maji yakiruka baada ya mtu kupiga mbizi. (Hockney naye alikuwa mgeni California, katokea Uingereza, ila sijasikia akiitwa mhamiaji.) Gomez alilichora upya bwawa lile lile, maji yametulia tuli. Mwanamume ameshika wavu wa mpini mrefu anasafisha maji. Nyuma yake mwanamke anasafisha kioo.

Nyuso zao hazina macho wala mdomo. Wapo wanaodhani mchoro haukumalizwa. Sivyo: zimeachwa hivyo makusudi, maana ndivyo watu hawa wanavyopitwa na macho ya wenye nyumba kila siku.