Kidole Changu Kinaenda Wapi?

Mtaani Obunga, hapa Kisumu, kuna akina mama ambao alfajiri inawakuta tayari karai liko motoni. Wanakaanga mgongo wazi: kichwa cha samaki aina ya mbuta, uti wa mgongo na nyama kidogo iliyong'ang'ania baada ya viwanda kuchukua mnofu wa kuuza ng'ambo. Wanaparua magamba, wanageuza vipande kwenye mafuta yanayochemka, kisha wanasugua masufuria kwa jivu. Kazi hiyo huila ngozi.

Mwaka jana nilikuwa kwenye zahanati moja upande huo, nimeitwa kusaidia kuweka mashine ya kusoma alama za vidole ili wagonjwa watambuliwe bila kubeba kadi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Mama mmoja wa mgongo wazi alifika mbele akaweka kidole cha shahada kwenye kioo. Taa nyekundu. Nikamwambia, "Mama, tujaribu cha kati." Nyekundu. Dole gumba, nyekundu. Nikampangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, maana ngozi kavu husomeka vibaya, tukaanza upya mkono wa kushoto. Katika vidole kumi, vinne vilisomeka. Nilimshika mkono nikatazama: ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa kama ganda la yai, na kovu la mafuta limekata dole gumba la kulia katikati. Foleni nyuma yake ilishaanza kunung'unika.

"Mwanangu," akasema, "vidole hivi vimesomesha watoto watano. Leo vinaambiwa si vyangu?" Kisha, akijifuta mkono kwenye leso, "Na hivyo vilivyokubali, vinaenda wapi?"

Nikamjibu, "Vinaingia kwenye sistimu, mama." Jibu lile limenisumbua tangu siku hiyo. Mtu ameuliza swali la maana kuliko yote yanayoweza kuulizwa kuhusu teknolojia hii, nami niliyesomea nikampa neno tupu. Sasa kila mwananchi anaambiwa aweke kidole, SHA, bima ya afya ya serikali, hospitalini, Maisha Namba kwenye usajili wa kitambulisho kipya, mashine za IEBC, tume ya uchaguzi, siku ya kura, kwa hiyo nataka kulijibu sawasawa.

Mashine haihifadhi kidole kama wengi wanavyofikiri. Kwanza inapiga picha ya mistari ya ngozi. Halafu programu inatafuta mahali mstari unapokatika na mahali unapogawanyika panda, inaandika kila nukta iko wapi na imeelekea upande gani. Orodha hiyo ya nukta tunaiita kiolezo. Ukirudi kesho, mashine inatengeneza kiolezo kipya na kukilinganisha na kile cha zamani. Haviwi sawa kabisa hata siku moja, kwa sababu utabonyeza kwa nguvu tofauti, au kidole kitakuwa na jasho. Basi mashine inatoa alama za kufanana, na mtu fulani aliyekaa ofisini ameshaamua alama ngapi zinatosha. Akipandisha kiwango, wengi wenye haki watakataliwa. Akikishusha, wasiohusika watapita. Hakuna mpangilio unaoondoa makosa yote mawili, na anayeamua kiwango hicho mara nyingi hajawahi kukutana na mkono wa mkaanga samaki, wala wa mkata miwa wa Mumias, wala wa mzee wa Nandi aliyechuma majani chai miaka thelathini.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mauzo huliruka. Kulinganisha kupo kwa namna mbili, na tofauti yake ni kubwa mno. Namna ya kwanza: wewe unasema ni fulani, mashine inaangalia kiolezo chako kimoja tu. Namna ya pili: mashine inaulizwa, "Huyu ni nani kati ya watu wote?" Tuchukue mashine nzuri sana, inayokosea mara moja tu katika kila ulinganisho milioni moja. Kwa namna ya kwanza, kosa hilo hutaliona maishani mwako. Sasa chukua usajili wa 2019 wa Huduma Namba, mpango wa nambari moja ya utambulisho uliotangulia Maisha Namba, ambapo serikali ilitangaza kwamba watu zaidi ya milioni 36 wamejiandikisha. Tafuta kidole kimoja katika watu wote hao kwa kiwango kile kile, na utaletewa watu wapatao 36 ambao "wanafanana" na mwenye kidole bila kuwa yeye. Ndiyo maana mifumo ya taifa huchukua vidole vyote kumi, na mingine huongeza mboni ya jicho: kidole kimoja hakitoshi kumtenga mtu na umati. Lakini mama wa Obunga ana vinne tu. Kwake yeye hatari ya kukataliwa, au ya kuchanganywa na mwingine, ni kubwa kuliko kwangu mimi ninayeshinda kwenye kibodi. Hajafanya kosa lolote zaidi ya kufanya kazi.

Tena, alama ya kidole haiwezi kulindwa kama nywila. Nywila yako ikihifadhiwa vizuri, hata mwenye seva haijui, kwa sababu imegeuzwa kuwa msimbo usiorudishika nyuma, na kila unapoingia msimbo unalinganishwa na msimbo, lazima ulingane herufi kwa herufi. Kidole hakisomeki sawa mara mbili, kwa hiyo kwa kawaida mfumo lazima ukifungue kiolezo chako ndipo ukilinganishe. Watafiti wameshaonyesha kwamba kutokana na zile nukta unaweza kuchora upya alama inayokaribiana na ya awali kiasi cha kudanganya mashine. Nywila ikiibwa unaibadilisha jioni hiyo hiyo. Vidole vyako utazikwa navyo.

Kwa hiyo swali la mama, "vinaenda wapi", lina majibu mawili yanayowezekana. Kiolezo kinaweza kukaa ndani ya chipu ya kadi yako, ulinganisho ukafanyika papo hapo kwenye kadi, na hakuna kinachotoka. Kadi ikipotea, umepotea wewe mmoja. Au kinakwenda kwenye hifadhidata moja kuu, pamoja na vya nchi nzima. Kadi mpya ya Maisha ina chipu. Uwezo wa kukiacha kiolezo kwenye kadi basi upo mikononi mwetu. Msimamo wangu uko wazi: kwa kazi nyingi za kila siku, kupokea dawa, kulipwa pesa za wazee, kufungua akaunti, kadi inatosha, na sioni sababu ya kidole cha mtu kusafiri hadi Nairobi ili apewe vidonge vya malaria Kisumu.

Babu zetu walilijua hili kwa njia yao. Neno kipande, tunalolitumia mpaka leo kwa kitambulisho, linatoka kwenye sheria ya mkoloni ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi yake, akaivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Mwajiri ndiye aliyekuwa akijaza. Desemba 1921 watu wa huku kwetu walikusanyika Lundha, Gem, mkutano tunaoukumbuka kwa jina la Piny Owacho, na miongoni mwa waliyoyadai ni kipande kiondolewe. Kilichowauma ni kwamba maisha ya mtu yaliandikwa na mwingine, yakasomwa na mwingine, na mwenyewe hakuwa na mahali pa kusema hapa mmekosea.

Huduma Namba ilikuja kupitia marekebisho ya sheria ya 2018. Soma tafsiri ya biometriki iliyowekwa mle: alama za vidole, umbo la kiganja, umbo la ndewe ya sikio, retina na mboni, mawimbi ya sauti, na DNA. Pamoja na hayo, mahali unapoishi kwa vipimo vya GPS. Jumuiya ya Wanubi, ambao wengi wao kupata kitambulisho tu kumekuwa vita vya miaka, wakaenda mahakamani kupitia Nubian Rights Forum pamoja na watetezi wengine wa haki. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliondoa DNA na GPS, wakasema mfumo hauwezi kuendelea bila kanuni kamili za kuusimamia. Serikali ikazindua kadi Novemba 2020 hata hivyo. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akaamua kwamba uzinduzi ule ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa haikufanywa kwanza tathmini ya athari kwa faragha inayotakiwa na kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Maisha Namba nayo imesimamishwa na kuruhusiwa tena mahakamani zaidi ya mara moja tangu Desemba 2023. Baadhi ya wenzangu kazini wanaona kesi hizi kama usumbufu. Mimi naziona kama sehemu ya ujenzi wenyewe. Tathmini ya athari ni kukaa chini kabla ya kununua hata mashine moja na kuuliza nani atakataliwa, nini kitavuja, nani atawajibika. Kama ingefanywa na mtu aliyefika Obunga, vidole vya mafuta vingekuwa ukurasa wa kwanza.

Huku kwetu faragha ina uzito wa pekee. Kaunti za kandokando ya ziwa ndizo zenye maambukizi mengi zaidi ya virusi vya Ukimwi nchini. Februari 2015 lilitoka agizo kwamba majina ya wanafunzi wanaoishi na virusi yakusanywe kupitia utawala wa serikali mashinani. Shirika la KELIN na wenzake wakalipinga, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo hilo limevunja haki ya faragha, taarifa zilizokusanywa zifichwe kwa misimbo isiyomwunganisha mtoto na hali yake. Kumbuka yale yalikuwa majina kwenye karatasi. Sasa fikiria nambari moja inayomfuata mtu tangu cheti cha kuzaliwa hadi cheti cha kifo, na nambari hiyo hiyo iko kliniki, shuleni, kwenye laini ya simu na benki. Hakuna tena haja ya agizo. Mwenye ruhusa ya kuingia anaunganisha daftari mbili kwa dakika chache. Tulishaonja Juni 2021, Wakenya walipofungua e-Citizen, tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta ni wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Nambari ya kitambulisho tunaiandika kwenye kitabu cha askari wa geti na kwenye daftari la wakala wa M-Pesa, na anayepita anaisoma. Ikiwa na kidole nyuma yake, thamani yake inapanda.

Narudi zahanati. Wiki mbili baada ya siku ile niliitwa tena, kompyuta ilikuwa nzito. Ilikuwa laptopu ya kawaida, haina nywila, na nikaambiwa jioni hubebwa nyumbani kwa bodaboda ili isiibwe. Nikatafuta kilichojaza diski. Nikakuta folda yenye picha za alama za vidole, zaidi ya elfu moja. Picha zenyewe, si violezo. Aliyesambaza programu alikuwa ameacha hali ya majaribio ikiwa imewashwa, kwa hiyo kila kidole kilichogusa kioo kilipigwa picha na kuhifadhiwa, na jina la faili lilikuwa jina la mgonjwa na nambari yake ya simu. Kila kidole, pamoja na vile vilivyokataliwa. Nikamkuta mama wa mgongo wazi. Majaribio yake yote yalikuwepo, yale ya taa nyekundu pia: duara za kijivu zisizo na mstari, na katika moja, lile kovu limepita katikati kama barabara. Mashine ilivikataa vidole vyake sita, lakini picha haikuacha kuchukua.

Tulizima hali ile, tukafuta picha kwa programu inayoandika juu yake ili zisirudishike, tukasimba diski nzima na kuweka nywila. Kisha nikamwambia mkuu wa zahanati kwamba sheria inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 ikiwa taarifa zimefikiwa na mtu asiye na ruhusa na kuna hatari kwa wenyewe, na kwamba kompyuta iliyolala nyumba tofauti kila usiku ni lazima ichunguzwe kwa jicho hilo. Hakufurahi. Aliandika.

Jumamosi nikaenda Obunga. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda pembeni ya karai, nikamwambia kidole chake kilikuwa kimeenda wapi: kwenye kompyuta fulani, kama picha, kwa wiki mbili, na sasa kimefutwa. Nikamwambia pia kwamba tumeweka utaratibu wa mtu asiyesomeka kutambuliwa kwa kadi na muuguzi, bila kurudishwa nyumbani. Alisikiliza huku akigeuza samaki. Akauliza, "Na vile nilivyoweka 2019, kwa chifu?"

Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinampa kila mtu haki ya kupata taarifa zake zilizo mikononi mwa anayezihifadhi, na kudai zisahihishwe zikiwa na makosa. Tuliandika barua pale pale, mimi nikiandika na yeye akisema. Alitaka isomwe mara mbili. Mahali pa sahihi nilikuwa nimezoea kuwaletea wazee kidau cha wino, lakini alinyoosha mkono akaomba kalamu, akaandika jina lake lote, polepole, akakunja karatasi mwenyewe.