Je, wajua kwa nini antivairasi hukataa kuondoka kwenye kompyuta?

Mtu akinunua kompyuta mpakato mpya, mara nyingi huikuta tayari ina programu ya kuzuia virusi ambayo hakuiomba. Imewekwa humo na mtengenezaji kwa majaribio ya muda mfupi, na muda huo ukiisha huanza kumkumbusha kila mara kwamba anapaswa kulipa. Akijaribu kuiondoa, hukutana na mambo yasiyotokea kwa programu nyingine: folda inakataa kufutwa hata kwa akaunti ya msimamizi, ujumbe unamwambia kwamba hana ruhusa juu ya mashine aliyoinunua kwa fedha zake mwenyewe, au programu inaonekana imekwenda na kesho yake arifa zinarudi. Kero hii ni ya zamani na ni ya dunia nzima. John McAfee, aliyeanzisha mwaka 1987 kampuni ya antivairasi yenye jina lake na kuachana nayo mwaka 1994, aliendelea kwa miaka mingi kuulizwa namna ya kuiondoa programu ile, hata mwaka 2013 akatoa video kuhusu jambo hilo.

Ili kuelewa ugumu huo, ni lazima kwanza kuona mahali antivairasi inapokaa. Programu ya kuandikia barua au ya kusikilizia muziki hukaa juu ya mfumo endeshi na kuuomba huduma inapozihitaji. Ukiifunga, imefungwa, na ukiifuta, hakuna kingine kinachoitegemea. Antivairasi haiwezi kufanya kazi yake ikikaa hapo, kwa sababu inatakiwa ilione kila faili kabla halijafunguliwa. Kwa hiyo huweka draiva zake, yaani programu ndogo zinazofanya kazi kama sehemu ya mfumo wenyewe, ndani ya kiini cha Windows, sehemu ya ndani kabisa inayoongoza mashine nzima, zikijipanga katika njia ambayo kila ombi la kusoma au kuandika faili hupita, na ombi hilo huzuiwa kwa sehemu ndogo ya sekunde hadi ukaguzi uishe.

Jambo hili unaweza kuliona kwa macho yako. Fungua dirisha la amri la Windows kwa ruhusa ya msimamizi, andika neno fltmc, kisha bonyeza Enter. Itatokea orodha fupi ya vichujio vinavyosimama kati ya programu zako na diski, kila kimoja na namba inayoonyesha nafasi yake katika mpangilio. Microsoft ndiyo inayogawa namba hizo, na kundi la antivairasi limetengewa namba za tarakimu sita zinazoanza na 32. Kichujio cha Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, huitwa WdFilter na namba yake ni 328010. Ikiwa kuna antivairasi nyingine, utakuta jina lake jirani na hapo. Na ikiwa ni ile uliyodhani umeiondoa wiki iliyopita, basi umepata jibu la kwa nini kompyuta bado ni nzito.

Kukaa ndani sana ni sehemu ya kwanza ya ugumu. Sehemu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi, ni kwamba antivairasi imeundwa kwa makusudi ipinge kuondolewa. Watu wanaotengeneza virusi walijua tangu zamani kwamba njia rahisi ya kuishinda kinga ni kuizima kabla ya kufanya lolote lingine. Conficker, kirusi kilichoanza kuenea mwishoni mwa mwaka 2008, kilizima huduma za usalama za Windows na kuizuia kompyuta isifungue tovuti za kampuni za antivairasi, ili mwenye mashine asipate hata msaada wa kupakua. Kampuni zikajibu kwa kuzifanya programu zao zijilinde: mafaili yao hayafutiki, michakato yao haisimamishwi, na maandishi yao katika rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo, hayabadilishwi na mtu wa nje. Microsoft nayo ikaongeza nguvu hiyo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, draiva ya antivairasi inaweza kuanza kazi mapema kompyuta inapowaka, kabla ya draiva nyingine zisizo za msingi, na tangu Windows 8.1 mchakato wake unaweza kupewa ulinzi ambao hata msimamizi hawezi kuuvunja kwa njia ya kawaida.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mwenye mashine naye azuiwe. Sababu ni kwamba kirusi kikishaingia hufanya kazi kwa jina lako na kwa ruhusa zako. Amri ya kufuta folda iliyotoka kwenye kidole chako na amri ileile iliyotoka kwa kirusi hufika kwenye kiini cha mfumo zikiwa na sura moja. Programu ambayo ingekubali kufutwa kirahisi na wewe ingekubali kufutwa kirahisi na adui yako pia. Ndiyo maana mlango unaoachwa wazi ni mmoja tu, yaani kiondoaji kilichoandikwa na watengenezaji wenyewe, ambacho kinajua namna ya kuuamuru ulinzi huo ujizime.

Hata hivyo ni lazima kutenganisha ukaidi huu wa kiufundi, ambao una haki yake, na ukaidi wa kibiashara. Dirisha linalokuuliza mara tatu kama una uhakika, kitufe cha kuondoa kilichopakwa rangi hafifu huku kile cha kubaki kikiwa kikubwa na cha kung'aa, au ofa ya punguzo inayojitokeza katikati ya zoezi, havilindi kompyuta dhidi ya chochote. Na mtu anaweza kuwa na sababu nzito za kutaka kuachana na programu fulani, mbali na uzito wake. Mwaka 2024 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, iliitaka Avast, kampuni ya antivairasi, ilipe dola milioni 16.5 baada ya kuituhumu kwamba data za kurasa ambazo wateja wake walikuwa wakitembelea ziliuzwa kupitia kampuni yake tanzu iliyoitwa Jumpshot. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa Kaspersky, antivairasi ya kampuni ya Urusi, nchini humo, na mwezi Septemba watumiaji wengi wa huko walikuta Kaspersky imejiondoa na mahali pake pamewekwa programu nyingine iitwayo UltraAV, baadhi yao wakilalamika kwamba hawakubonyeza kitufe chochote. Tukio hilo linaonyesha wazi ukubwa wa mamlaka ambayo programu ya aina hii huwa nayo ndani ya mashine.

Kwa kuwa antivairasi imeingia ndani kiasi hicho, kuifuta kwa nguvu, kwa mfano kwa kuifuta folda yake kwa kutumia mfumo mwingine ulio kwenye flashi, ni sawa na kukata mti ukaacha kisiki na mizizi. Draiva hubaki zimeandikishwa, na kompyuta inapowaka Windows huzitafuta. Kichujio cha mtandao kinaweza kubaki bila programu inayokiongoza, na matokeo yake intaneti hukatika ingawa Wi-Fi inaonekana imeunganishwa. Hubaki pia kazi zilizopangwa kujiendesha kwa saa maalumu, viongezo vya kivinjari, na wakati mwingine cheti cha usalama kilichowekwa ili programu iweze kukagua mawasiliano yaliyosimbwa. Lakini baki la hatari zaidi halionekani kabisa: Windows inaweza kuendelea kuamini kwamba antivairasi ile ipo, na kwa sababu hiyo ikaiacha Defender imelala. Mwenye kompyuta anafurahia wepesi mpya, kumbe hana kinga yoyote.

Historia ya karibuni imeonyesha jinsi mahali hapo palivyo nyeti. Mwezi Januari 2018, Microsoft ilipotoa masasisho ya kuziba udhaifu wa vichakato vya kompyuta ulioitwa Meltdown na Spectre, iliyazuia yasifike kwenye kompyuta ambazo antivairasi yake haikuwa imeweka alama maalumu katika rejista, kwa kuwa baadhi ya programu hizo ziligusa kumbukumbu ya kiini kwa njia zisizoruhusiwa na zingeweza kuifanya kompyuta ishindwe kuwaka. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja lenye kasoro la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft, zikiwemo za viwanja vya ndege, hospitali na benki. Nyingi kati yake ziliokolewa kwa mtu kukaa mbele ya kila mashine, kuiwasha katika hali salama (Safe Mode), na kufuta faili moja kwa mkono.

Njia sahihi basi ni ya utulivu. Ingia kwenye mipangilio ya Windows, fungua orodha ya programu zilizosakinishwa, chagua antivairasi husika, iondoe, kisha iwashe upya kompyuta kwa kuchagua Restart hata kama hujaombwa kufanya hivyo, kwa sababu draiva ambayo tayari iko ndani ya kumbukumbu mara nyingi haitoki hadi mfumo uanze upya. Hilo lisipotosha, tafuta kiondoaji maalumu cha kampuni yenyewe. McAfee ina chake kiitwacho MCPR, na Norton, Avast, ESET, Bitdefender na Kaspersky nazo zina vyao, vyote bila malipo. Kipakue kutoka kwenye tovuti ya kampuni husika tu, kwa kuwa matapeli nao hutengeneza viondoaji bandia.

Baadhi ya viondoaji hivyo, kama cha ESET na cha Avast, hutaka kompyuta iwe katika hali salama. Katika hali hiyo Windows huwasha draiva za lazima tu, na ulinzi wa antivairasi huwa umelala. Wahalifu nao wanaijua nafasi hii: mwaka 2019 wachunguzi walieleza programu ya utekaji wa data iitwayo Snatch, ambayo huiwasha upya kompyuta katika hali salama kwanza, kisha ndipo hufunga mafaili yote. Kwa hiyo ukiingia humo, ingia bila mtandao, maliza kazi, utoke.

Kuna tahadhari moja ambayo ninaomba isirukwe. Kompyuta mpakato nyingi za sasa diski yake imesimbwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, bila mwenyewe kujua, na kuingia katika hali salama kunaweza kuifanya idai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Utafute ufunguo huo kwenye akaunti yako ya Microsoft na uuandike kwenye karatasi kabla ya kuanza, kwa maana ukiukosa, picha na nyaraka zako hazitafunguka tena.

Wapo pia wanaohangaika kuondoa kitu ambacho hakimo. Arifa zinazojitokeza kwenye kona ya skrini zikisema kwamba kinga yako imekwisha na virusi vimepatikana, zikiwa na nembo ya kampuni maarufu, mara nyingi hutumwa na tovuti ambayo uliiruhusu kukutumia arifa kwa kubonyeza kitufe kimoja bila kufikiri. Hizo dawa yake iko kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya ruhusa za arifa, ambako tovuti hiyo hufutwa.

Hali nyingine ni ya kompyuta zilizotumika ambazo watu wengi wa Dar es Salaam na Nairobi hununua madukani, nyingine zikiwa zilimilikiwa na makampuni ya nje. Baadhi huja na programu ya ulinzi ya kampuni ya zamani, ambayo kiondoaji chake hudai nenosiri ambalo muuzaji hana. Hapo ni bora kusakinisha Windows upya kutoka kwenye flashi iliyotengenezwa kwa zana ya Microsoft. Kubonyeza kitufe cha kurejesha kompyuta katika hali ya mwanzo hakutoshi kila mara, kwa kuwa urejeshaji huo unaweza kuzirudisha programu zilizowekwa na kiwanda. Lipo hata jambo la ndani zaidi: tangu Windows 8, mfumo unaweza kupokea programu kutoka kwenye chipu ya ubao mama wenyewe, na mwaka 2015 ilibainika kwamba baadhi ya kompyuta za Lenovo zilitumia njia hiyo kujirudishia programu ya kampuni baada ya Windows kusakinishwa upya. Lenovo ilitoa masasisho ya kuiondoa. Kama kompyuta ni ya mwajiri wako, usiiguse antivairasi yake. Hilo ni suala la kitengo cha TEHAMA.

Ukishaiondoa, fungua sehemu ya usalama ya Windows uthibitishe kwamba Defender imeshika zamu. Defender yenyewe usijisumbue kuiondoa, kwa sababu katika Windows 10 na 11 za kawaida ni sehemu ya mfumo, na ukiizima kwa muda hujiwasha tena. Kisha rudia amri ya fltmc uone kama jina la zamani limetoweka. Na ikiwa uliwahi kuilipia programu kwa kadi, fahamu kwamba kuiondoa kwenye kompyuta hakusimamishi makato: kampuni nyingi huhuisha leseni zenyewe kila mwaka na kukata fedha hata kama programu haimo tena kwenye mashine yoyote. Makato hayo husitishwa kwenye akaunti ya mteja katika tovuti ya kampuni, na kama ulinunua kupitia duka la programu, husitishwa kwenye duka hilohilo.