Nyota za kununua hazisogezi biashara karibu na mteja

Nimeombwa tena, safari hii na mwenye nyumba ya wageni ya Raskazone hapa Tanga, nimtafutie watu wa kumpa nyota tano ili biashara yake ipande juu kwenye Ramani za Google. Ombi hili nimelisikia Chumbageni na Ngamiani, na linaniudhi kwa sababu linamharibia anayeliomba. Nyota za kununuliwa, pamoja na nyota za mashemeji ambao hawajalala humo hata usiku mmoja, hazifanyi kazi inayodhaniwa.

Google wameeleza wenyewe kwamba mtu anapotafuta biashara za karibu naye, matokeo hupangwa kwa mambo matatu: jinsi biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali wake kutoka kwa mtafutaji, na jinsi inavyojulikana. Maoni ya wateja, pamoja na nyota zao, yamo katika hilo la tatu tu, tena pamoja na mambo mengine.

Umbali ndio unaosahauliwa zaidi. Fundi simu wa barabara ya 12 huketi kwenye kaunta yake, akaandika «fundi simu», akajiona wa kwanza na kuamini kwamba Tanga nzima inamwona hivyo. Abiria aliyeshuka stendi ya Kange akiandika maneno yale yale huonyeshwa mafundi wengine, kwa kuwa yeye amesimama kwingine. Kwa hiyo mtu akiniuliza mbona haonekani, au mbona anaonekana vizuri lakini wateja hawaji, swali langu la kwanza ni alikuwa wapi alipotafuta.

Kuhusu kulingana sitasema mengi. Kwenye ukurasa wa biashara yako katika Ramani, chagua kategoria (aina ya biashara) iliyo sahihi, weka alama ya ramani mlangoni pako na si barabara ya nyuma, andika namba ya simu inayopokelewa, na urekebishe saa za kazi Ramadhani inapoanza. Jina liwe lile lililo kwenye kibao chako. Kulibandikia «bei nafuu Tanga» ni kuvunja kanuni za Google. Yote haya ni bure.

Sasa maoni yenyewe. Familia inayotoka Dar es Salaam kwenda kuona Mapango ya Amboni inataka kujua kama maji hutoka usiku, kama gari litalala ndani ya geti, na kama chai hupatikana kabla ya saa moja asubuhi. Maoni ishirini ya «pazuri sana», yote ya siku moja, hayajibu hata swali moja kati ya hayo, na msomaji makini huyashuku. Kanuni zinakataza kutoa fedha, punguzo au hata soda ya bure ili mtu aandike, na zinakataza pia kuwaomba wale tu waliofurahi. Ukibainika, maoni huondolewa, na ukurasa wako unaweza kuzuiwa kwa muda usipokee mapya. Kuomba kwa haki kunaruhusiwa: mwombe kila mgeni anapokabidhi ufunguo, aliyeridhika na aliyenuna.

Aliyenuna ataandika, nawe huna uwezo wa kuyafuta maneno yake. Unaweza kuripoti yanayovunja kanuni, lakini lawama ya kweli haivunji kanuni yoyote. Hapo ndipo wenye biashara wengi hukosea, wakamwita mgeni mwongo hadharani. Jibu kama hili linatosha: «Pole sana. Pampu iliharibika usiku ule, imetengenezwa, na tumeongeza tangi la akiba.» Liandike ikiwa tangi limeongezwa kweli, kwani atakayelisoma kwa makini kuliko wote ni mgeni ajaye, naye atafungua bomba.

Nakiri kwamba haki haitendeki kila mara. Naona kurasa zenye nyota ambazo kwa macho yangu zimenunuliwa, zikidumu miezi mingi bila kuguswa, huku jirani mwaminifu akiwa chini yao, na sina jibu la kumridhisha jirani huyo. Nina shaka pia kama kila biashara inahitaji kazi hii. Mama lishe wa soko la Mgandini hulisha wapagazi na wachuuzi wanaomfahamu kwa jina, nao hawatazami ramani kutafuta wali wa mchana. Huyo mimi humwekea alama na saa zake bila malipo, na simshauri atumie hata shilingi moja zaidi.