Fundi wa Altare ya Mtakatifu Bartolomayo: mchoraji mkubwa wa Köln ambaye jina lake halijulikani

Katika jumba la sanaa la Alte Pinakothek mjini München, Ujerumani, ipo picha ya altare yenye ubao mkubwa wa kati na mbao mbili za pembeni. Katikati amesimama Mtume Bartolomayo akiwa na kisu mkononi, maana mapokeo ya Kanisa yanasema aliuawa kwa kuchunwa ngozi. Ubavuni mwake wako mabikira wawili mashahidi: Agnes na mwanakondoo wake, na Sesilia na kinanda kidogo cha mabomba. Mbao za pembeni zina Yohane Mwinjili na Margareta, kisha Yakobo Mdogo na Kristina. Nyuma ya watakatifu wote hao limetundikwa pazia la kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za dhahabu, na juu ya pazia hilo vilele vya milima vinachungulia chini ya anga la buluu.

Aliyeichora alifanya kazi Köln, jiji lililo kando ya mto Rhine, kuanzia karibu mwaka 1480 hadi karibu 1510. Hakuandika jina lake kwenye picha hii wala kwenye nyingine yoyote tuliyo nayo. Ndiyo maana watafiti wanamwita Fundi wa Altare ya Mtakatifu Bartolomayo. Wako wenzake wengi waliopewa majina ya namna hii: Fundi wa Mtakatifu Veronika, Fundi wa Maisha ya Bikira Maria, na wengineo. Mtu huchaguliwa picha moja iliyo bora au inayojulikana zaidi, na picha hiyo inakuwa jina lake.

Wageni wa majumba ya makumbusho mara nyingi hudhani kwamba mchoraji asiye na jina alikuwa mtu mdogo. Si kweli hata kidogo. Katika zama za Gothiki ya mwisho, mtindo wa sanaa wa Ulaya wa mwishoni mwa Enzi za Kati, wachoraji wa Köln walikuwa mafundi waliosajiliwa katika chama chao, wenye karakana, wanagenzi na wateja matajiri. Wengi walikaa katika mtaa wa Schildergasse, uliopata jina kutokana na wachoraji wa ngao, na mtaa huo bado upo, siku hizi ukiwa umejaa maduka. Kila mteja alimjua fundi wake na alijua amlipe nani. Jina lilikuwa katika mkataba na katika daftari la hesabu, basi fundi hakuona haja ya kulirudia mbele ya altare.

Shida ilikuja baadaye, karatasi zilipopotea na picha zikang'olewa mahali pake. Majeshi ya Ufaransa yaliingia Köln mwaka 1794, na mwaka 1802 monasteri zikafungwa na mali zake kutawanywa. Watu wachache waliotambua thamani ya picha za kale walikimbilia kuziokoa. Padre Ferdinand Franz Wallraf alikusanya alichoweza na kuurithisha mji wake, na hapo ndipo lilipotokea jumba la Wallraf-Richartz. Ndugu wawili, Sulpiz na Melchior Boisserée, walikusanya hazina ambayo Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria aliinunua mwaka 1827, na ndiyo sababu picha nyingi za Köln ziko München leo. Tunawashukuru watu hao kwa dhati. Hata hivyo, picha ikishatoka kwenye altare yake na kupita mikononi mwa wanunuzi, hakuna tena wa kuuliza nani aliichora.

Tofauti ya bahati inaonekana vizuri kwa mchoraji Stefan Lochner, aliyefanya kazi Köln kizazi kimoja kabla ya fundi wetu na kufariki mwaka 1451. Yeye pia hakutia sahihi. Lakini mwaka 1520 mchoraji Albrecht Dürer alipita Köln, akaandika katika daftari lake la safari kwamba alilipa sarafu mbili ili afunguliwe mbao za picha ya altare iliyochorwa na fundi Stefan. Kwa mstari huo mmoja wa matumizi, watafiti wa karne ya 19 waliweza kuirudishia jina picha kubwa ambayo sasa iko katika kanisa kuu la Köln. Fundi wetu hakuandikiwa mstari kama huo.

Basi tunamtambuaje? Kwa mkono wake. Anachora vidole virefu, vyembamba, vinavyoshika vitu kwa ncha, hata kisu au jiwe zito. Nyuso za wanawake wake zina paji pana, kidevu kidogo na kope zilizolemea. Vitambaa vinang'aa kama vito, na kila uzi wa dhahabu umetendewa haki yake. Ukishaona picha mbili zake, ya tatu utaitambua ukiwa mlangoni.

Mwanzo wake unaelekea upande wa Uholanzi. Katika jumba la Wallraf-Richartz kuna kitabu cha sala za vipindi cha mwaka 1475 kilichokuwa cha Sophia van Bylant, mwanamke wa ukoo wa kikabaila wa Gelderland. Picha ndogo za kitabu hicho zina vidole vilevile na nyuso zilezile. Kwa ushahidi huo wataalamu wengi wanaona kwamba alifunzwa Uholanzi kabla ya kuhamia Köln.

Kazi zake mbili kubwa zilitengenezwa kwa ajili ya monasteri ya Mtakatifu Barbara mjini humo, nyumba ya watawa Wakartusi. Aliyezigharimia ni Peter Rinck, mwanasheria na mwalimu wa chuo kikuu, ambaye ujanani alijaribu maisha ya kitawa katika nyumba hiyohiyo lakini afya haikumruhusu. Alifariki mwaka 1501. Moja ni Altare ya Msalaba Mtakatifu, nyingine ni Altare ya Mtakatifu Tomaso, na zote ziko Wallraf-Richartz.

Hiyo ya Tomaso ndiyo ningependa kila mtu aitazame bila haraka. Kristo mfufuka amesimama juu ya jukwaa la jiwe, na Tomaso amepiga magoti kando yake. Injili inatuambia tu kwamba Tomaso alialikwa kuutia mkono wake ubavuni. Mchoraji amekwenda mbali zaidi: Kristo mwenyewe anaushika mkono wa mwanafunzi na kuuongoza, na vidole vimezama ndani ya jeraha. Tukio hilo halikuwekwa ndani ya chumba pamoja na mitume wengine, kama wachoraji wengi walivyozoea. Watakatifu waliozaliwa karne nyingi baadaye, akiwemo Yeronimo, wanashuhudia, na malaika wanapiga ala za muziki. Kwa mtawa aliyesali mbele yake, shaka ya Tomaso ilikuwa jambo linalotokea sasa, mbele ya macho yake. Ni picha ya imani iliyoruhusiwa kugusa, na sijaona mchoraji wa zama zake aliyeisema kwa ujasiri huu.

Kuna jambo jingine analolifanya ambalo linafurahisha macho. Makanisa ya Ujerumani wakati ule yalipenda altare zenye sanamu za mbao, zilizopakwa rangi na dhahabu na kupangwa ndani ya kasha. Sanamu zilikuwa ghali na zenye heshima kubwa. Fundi wetu alichora kasha hilo kwa brashi. Katika picha yake ya Kristo akiteremshwa msalabani, iliyoko Louvre mjini Paris, watu wamebanana ndani ya kasha la dhahabu lenye nakshi za mbao pembeni, vivuli vyao vinaanguka ukutani, nawe unahisi ungeweza kupitisha mkono nyuma ya mabega yao. Wanasimama kama sanamu, lakini machozi ni ya watu hai. Tukio hilohilo alilichora tena kwa umbo dogo, na picha hiyo iko National Gallery, London. Nyuma ya zote mbili kuna kivuli cha Rogier van der Weyden, mchoraji wa Brussels, aliyechora mteremsho mashuhuri ulioko Prado, Madrid, karibu mwaka 1435.

Siku hizi macho yanasaidiwa na vifaa. Picha za Köln zilichorwa juu ya mbao za mwaloni, na pete za mti zikihesabiwa zinaonyesha mti haukuweza kukatwa kabla ya mwaka fulani. Miale ya infraredi hupenya rangi na kuonyesha mistari ya mchoro wa awali juu ya tabaka jeupe la chaki. Hapo mtaalamu huona mchoraji alipobadili mawazo, akahamisha mkono au kugeuza kichwa. Anayenakili kazi ya mwenzake habadilibadili hivyo, na kwa njia hiyo tunatenganisha kazi ya fundi mwenyewe na ya wanafunzi wake.

Mara kwa mara hujitokeza mtu anayetaka kumpa jina kutoka kwenye nyaraka za Köln, kwa kuwa tu mchoraji fulani aliishi humo miaka hiyo. Kwa maoni yangu ni afadhali kusubiri. Jina likibandikwa kwa kubahatisha huja na wasifu usio wake, na baada ya muda watu huacha kuitazama picha wakasoma wasifu.

Majumba yote manne niliyoyataja kuwa na kazi zake, yaani la München, la Köln, la Paris na la London, yana picha hizi pia kwenye mtandao. Fungua picha ya Tomaso na ya Bartolomayo, zikuze, ziweke kando kwa kando. Anza na mikono: tazama kidole kidogo kinavyojitenga na vingine, kucha zilivyochorwa, kifundo kinavyopinda. Kisha nenda kwenye ukingo wa nguo, mahali dhahabu inapokutana na rangi nyekundu.