Kifua Kikuu cha Utumbo: Maswali Tunayoulizwa Tabora

Swali: Mtu asiyekohoa anawezaje kuwa na kifua kikuu?

Jibu: Jina la ugonjwa huu limewapotosha wengi, kwani bakteria aliyetambuliwa na Robert Koch mwaka 1882 hashambulii mapafu peke yake. Hufika tumboni kwa makohozi yaliyomezwa, kwa njia ya damu, au, kwa jamii yake inayoshambulia ng'ombe, kwa maziwa mabichi. Wafugaji wa Igunga na Nzega, chemsheni maziwa hata yale ya kugandisha.

Swali: Dalili zake ni zipi?

Jibu: Ni maumivu ya tumbo yasiyokoma, hasa chini upande wa kulia, kukonda, homa za jioni, jasho la usiku, kuharisha au kufunga choo.

Swali: Nimetibiwa taifodi mara tatu na makohozi yangu hayana vimelea. Mbona bado ninaumwa?

Jibu: Ndugu yangu, makohozi safi hayaondoi uwezekano wa kifua kikuu cha utumbo, na picha ya kifua nayo inaweza kuwa safi kabisa. Ultrasaundi huweza kuonyesha maji tumboni, matezi yaliyovimba au ukuta wa utumbo ulionenepa, lakini saratani na ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo, huweza kuonyesha mambo yayo hayo. Kipimo chenye uzito zaidi ni kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, ambapo daktari huchukua vinyama kadhaa ili vingine vichunguzwe kwa hadubini na vingine vipimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vimelea na kuonyesha pia kama ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu. Kwa kuwa vimelea huwa vichache katika vinyama hivyo, majibu hasi hayamalizi shauri, na daktari anaweza kuanzisha tiba kwa kupima ushahidi wote kwa pamoja. Kamera hiyo haipo katika kila kituo. Kwa hiyo nakusihi uombe rufaa badala ya kurudia dawa za taifodi. Pima na VVU.

Swali: Tiba yake ikoje?

Jibu: Kwa kawaida ni miezi 6, nayo hutolewa bure: dawa nne kwa miezi 2, kisha rifampisini na aisoniazidi kwa miezi 4. Mkojo wa rangi ya machungwa usikutishe, lakini macho yakiwa ya manjano au yakianza kuona ukungu, rudi kliniki mara moja. Upasuaji ni wa utumbo ulioziba au kutoboka. Tumbo likivimba, ukatapika na kushindwa kutoa choo wala hewa, usisubiri kesho.